Usiku wa nyota Uyole: tunavyojiandaa mwanzo mwisho

Habari zenu wadau, na watu wa nyumbani ugonile. Leo nawaonyesha klabu yetu inavyoandaa usiku wa kuangalia nyota na watu wa mtaani, tuko Uyole hapa Mbeya kwahiyo ukija Julai beba koti, hata blanketi sio aibu.

Kwanza tarehe. Usiweke mwezi mpevu, anga lote linakuwa jeupe afu mwezi wenyewe unabaki kama sahani tu. Weka mwezi nusu, siku ya 7 hivi toka uandame, pale giza na mwanga vinapokutana vivuli ni virefu na yale mashimo unayaona mpaka kingo zake.

Saa 11 jioni toa darubini nje ipoe, ikiwa na joto la ndani picha inachezacheza kama hewa juu ya lami mchana. Kukiwa bado kweupe ielekeze kwenye ule mnara wa simu kule mbali, mnauona, afu zungusha hizi skrubu za kidarubini cha pembeni, kile cha kulengea, mpaka vyote viwili vione kitu kimoja. Jua liwe mgongoni kwako na usiiache na watoto, jua ndani ya darubini linaua jicho hapohapo.

Sasa taa, hapa ndo kwenye kazi. Macho yanataka dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, mtu mmoja akiwasha simu mnaanza upya. Kuna siku boda kaingia na taa full mpaka katikati ya uwanja, foleni nzima ikamzomea, tangu hapo tunaweka kijana barabarani awazimishe mapema. Tochi zetu tunazifunga karatasi nyekundu ya pipi, angalia hapa, mikunjo miwili bado weupe unapenya pembeni, ongeza wa tatu, afu rababendi.

Foleni ni simpo, kigoda cha watoto wafikie, na mikono mgongoni mtu asiguse darubini. Dunia inazunguka, kitu kinatoka chenyewe kwenye lenzi, kwahiyo kila watu wawili watatu sogeza kidogo.

Mwezi wakishautosheka geuka kusini. Zile nyota mbili kali zinazoelekezea Msalaba wa Kusini, chukua iliyo mbali na msalaba. Kwa macho ni moja, humu ni mbili zimebanana. Mwanga wake umesafiri miaka 4 na ushee. Bibi mmoja kusikia hivyo akamgeukia mjukuu wake wa chekechea, "kumbe huu umetoka hata hujazaliwa", afu akarudi mwisho wa foleni kuangalia tena.