Udenda Ulivyogeuka Upuuzi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Leo nataka tuzungumze juu ya udenda. Ndiyo, ule ule unaomtiririka mtoto anayeota meno mpaka kifua cha nguo kikalowa.

Waingereza wa kale, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, walikuwa na kitenzi dreflian: kutokwa na udenda, au kamasi. Kilitaja majimaji, basi. Vizazi vikapita, kikawa drivel, na kufikia karne ya 14 kilishapata maana ya pili: kusema upuuzi. Leo Mwingereza akilisikia neno hilo hawazi mate kabisa. Mate yameachiwa neno jingine, drool, linalodhaniwa kuwa mtoto wa drivel.

Maana ilivukaje? Tazameni ni nani hutokwa na udenda: mtoto mchanga, mzee sana, mgonjwa wa kiharusi. Wazima waliona midomo imelowa, wakahukumu kwamba na akili haimo. Jonathan Swift, mwandishi mkubwa wa Dublin, alifariki mwaka 1745 akiwa amepoteza usemi. Mwaka 1749 mwandishi Mwingereza Samuel Johnson alimtaja katika shairi, akamwita driveller, yaani mtu wa drivel. Mtu aliyeishi kwa maneno maisha yake yote!

Hapo ndipo ninapoumia. Bibi yangu alipopata kiharusi, mdomo wake ulilegea upande mmoja. Nilikuwa nikimfuta kwa pindo la kanga yake. Siku moja nilikosea kuhesabu chenji ya maziwa. Alinishika mkono, akazipanga noti upya juu ya godoro, moja moja, hadi hesabu ikatimia. Hakutamka hata neno.

Kiswahili kilishika njia nyingine. Ukikimezea mate kitu, umekitamani. Udenda ukikutoka mbele ya sinia la pilau, una uchu. Vijana nao wakisema denda, wanasema busu. Msema ovyo tunasema anabwabwaja, anaropoka, anapayuka: lawama iko kwenye ulimi uliokosa breki, wala mate hayamo.

Kwa hiyo ninyi mnaotafsiri, mkikuta drivel kwenye gazeti la leo, andikeni upuuzi au porojo, mtakuwa sawa. Lakini mkifika kwenye ule mstari wa Johnson, nawasihi, msiandike mpumbavu. Andikeni mzee anayetokwa na udenda.