Mkono Kwanza, Mizani Baadaye

Ndugu wafugaji, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nyoka wangu ana miezi 6, awe na gramu ngapi? Huwa sijibu kwa namba. Watoto wa uzao mmoja, waliototolewa siku moja, hupishana sana uzito na wote wakawa wazima.

Mchukue mkononi, umpitishe polepole katikati ya vidole. Uti wa mgongo uusikie bila kukuchoma. Mgongo ukichongoka na mbavu zikihesabika, amekonda. Uti ukizama ukaacha mfereji, ngozi ikaonekana kati ya magamba hali ametulia tu, huyo amenenepa. Ila msimhukumu aliyetoka kula, maana tumbo lililojaa hutanua ngozi ya nyoka yeyote.

Ndipo ije mizani. Ya jikoni, ya kidijitali, inatosha. Mtie kwenye kopo lenye kifuniko, toa uzito wa kopo, andika daftarini. Mpime akiwa ameshapata haja na bado hajalishwa. Vinginevyo unampima panya aliye tumboni. Kinachotakiwa ni mstari unaopanda wenyewe, mwezi baada ya mwezi.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hili linaniuma. Wengi wanaotaka nyoka akue haraka humshindilia chakula wakidhani ndiyo mapenzi. Mafuta yale hujikusanya ndani, mpaka kwenye ini, na kuyaondoa ni kazi ya miezi mingi. Kwa mtoto wa chatu wa kifalme (ball python) au nyoka wa mahindi (corn snake), panya wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, asiyezidi unene wa sehemu yake pana kabisa, mara moja kwa wiki, anatosha. Aliyetoka kwenye yai hata usimlazimishe: bado anaishi kwa kiini, na kwa kawaida hali mpaka ajivue gamba mara ya kwanza.

Na akigoma kula? Chatu wa kifalme hugoma wiki kadhaa. Uzito ukisimama palepale, subiri. Ukipungua kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wake, usisubiri tena. Angalia joto upande wa moto, liwe nyuzi 31 hivi, kwani bila joto hasagi chakula. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka, na lile daftari ulibebe.