Mita Ikilia, Usiseme Waya Mzima

Vijana wangu, za asubuhi? Sogeeni huku chini ya mwembe, maana nilichokishika ni chembamba na wa nyuma hamtakiona.

Mmezoea kuweka mita, kipimio chetu cha umeme chenye ncha mbili, kwenye alama ya mlio, ncha huku, ncha kule, ikifanya "piii" mnafunga boneti na kudai hela. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Msimu mmoja wa korosho nililetewa Noah ya kwenda Masasi usiku, taa ya mbele kushoto inawaka kama kibatari. Nikachomoa terminali ya betri, nikapima waya kutoka kwenye fyuzi hadi soketi ya taa. Mita ikalia. Nikamwambia mwenye gari waya mzima, lete balbu. Akaleta, kibatari kile kile. Lete rilei, ile swichi ya umeme inayowasha taa. Akaleta. Safari ya tatu hakunisalimia.

Nilipochana tepu nyuma ya bampa ndipo nikaukuta waya mbovu. Ndio huu, nimeutunza, pitishianeni. Shaba imekuwa kijani, ukiikunja inameguka. Chumvi ya bahari yetu hii ya Mtwara inapenya kwenye kiungo kilichosokotwa na kuzungushiwa tepu tu. Nyuzi zilizobaki zimeshikana ni mbili. Mbili!

Sasa mita ililia kwa nini? Kwa sababu yenyewe inapitisha umeme kiduchu, hata ampia moja haifiki, haifiki hata robo yake. Uzi mmoja unatosha. Tena mita nyingi zinalia hata ukinzani, yaani jinsi njia inavyouzuia umeme, ukiwa omu 20 au 30. Balbu ya wati 55 kwenye volti 12 inataka ampia 4 na nusu hivi. Weka omu moja tu njiani, zaidi ya volti 3 zinaishia kwenye waya.

Kwa hiyo mlio uusikie, lakini soma namba. Gusanisha kwanza ncha mbili zenyewe kwa zenyewe; ikisoma omu 0.3, hiyo ni ya nyaya za mita, itoe kwenye hesabu. Halafu tikisa waya huku unapima, hasa pale unapojikunja kwenye bawaba ya mlango. Namba ikirukaruka, umeshapata.

Na balbu itolewe. Ikiwa baridi ukinzani wake haufiki omu moja, kwa hiyo ukipima kati ya waya na bodi ya gari mita italia kupitia balbu, utaanza kusaka shoti isiyokuwepo. Kuna mtu hapa alifungua dashibodi nzima kwa kosa hilo, simtaji, anajijua.

Ukiwa bado na shaka, rudisha betri na balbu, washa taa, peleka mita kwenye volti. Ncha moja chanya ya betri, nyingine pini chanya ya soketi ya taa. Ikizidi nusu volti, njia ina ugonjwa. Ile Noah ilisoma 3.4.

Haya, wewe mwenye kofia, njoo ushike mita. Chomoa betri kwanza, bwana, betri!