Galaksi zikigongana, kinachogongana ni nini?

Habari za jioni, mabibi na mabwana. Nikitaja mahali popote kugongana kwa galaksi, yaani yale makundi makubwa mno ya nyota na gesi, swali la kwanza huwa: nyota si zitapasukiana zote? Hapana. Chukulieni Jua ni chungwa kubwa lililowekwa hapa Dar es Salaam. Nyota jirani inayofanana nalo, ile ya Alpha Centauri, itakuwa chungwa lingine kule Kinshasa. Katikati hakuna kitu cha maana. Galaksi nzima ikipita humo, nyota zitapishana tu.

Gesi ndiyo isiyopishana. Mawingu ya haidrojeni ni mapana mno. Yakikutana yanabanana, na uzito wao wenyewe unaendelea kuyakunja ndani mpaka kiini kinapata joto la kuwasha nyota.

Tazameni hapa ukutani. Hizi ni galaksi za Antennae, NGC 4038 na NGC 4039, alizoziona mwanaastronomia William Herschel mwaka 1785. Ziko kwenye kundinyota la Kunguru, zile nyota nne zinazopita karibu na utosi wetu jioni za Aprili na Mei. Msihangaike kuzitafuta kwa macho, maana umbali wake ni kama miaka ya nuru milioni 65; mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Mikia hii mirefu ndiyo iliyozipa jina. Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walionyesha kwa kompyuta kwamba mvutano peke yake unatosha kuichomoa; kabla ya hapo wengi walikuwa hawaamini.

Picha ni ya Hubble, darubini iliyo angani. Haya madoa ya buluu ni mafungu ya nyota changa. Mwaka 1997 yalihesabiwa zaidi ya 1,000. Waridi hii ni haidrojeni inayowaka kwa mionzi ya nyota hizo. Sasa sogezeni macho hapa, galaksi mbili zinapolaliana: kahawia, giza, utadhani hamna kitu. Ni vumbi hilo. Darubini za infraredi, yaani mionzi isiyoonekana kwa macho inayopenya vumbi, zilipochungulia nyuma yake zikakuta ndiko kwenye uzazi mkali kuliko kote. Mimi picha hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, kwa sababu palipo na weusi ndipo penye kazi.

Ila mafungu mengi hayadumu. Inakadiriwa kwamba moja tu kati ya kumi litafikisha miaka milioni 10. Nyota kubwa za ndani hupuliza gesi nje, nyingine zinalipuka, fungu linalegea na nyota zake zinatawanyika.

Na sisi je? Andromeda, galaksi kubwa jirani ya hii yetu, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, inatusogelea kwa kilomita 110 hivi kwa sekunde. Zamani tulisema kugongana ni lazima. Utafiti wa mwaka 2025 umeshusha uwezekano huo hadi karibu nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo. Hata ikitokea, msitegemee fataki kama hizi za Antennae: gesi iliyobaki kwetu na kwao ni kidogo.

Haya, mzee wa pale nyuma alinyoosha mkono mapema. Karibu.