Zege halilali, na mama anayenyonyesha je?

DULLAH: Haya tunarekodi. Da Mwaju leo umeingia umenuna, nini tena?

MWAJU: Choo mdogo wangu. Choo! Jana nimepita saiti moja huku kwetu, ghorofa linapanda la tano, wanaume kibao, wanawake saba wanabeba zege, choo kimoja cha mabati na komeo hakina. Mtu akiingia anamwita mwenzake amshikie mlango. Sasa uko kwenye siku zako, unabadilisha pedi kwa mkono mmoja, mwingine umeng'ang'ania bati.

DULLAH: Duh. Maji yapo lakini?

MWAJU: Yapo, tanki la lita 5,000, ya zege hayo! Ukichota kopo foremani anakuuliza unapeleka wapi, tena kwa sauti. Matokeo yake hawanywi maji toka asubuhi ili wasiende chooni, na jua hili la Dar.

DULLAH: Mi nilikuwa saidia fundi mwaka mzima kabla ya haya mambo ya maiki na kusema ukweli sikuwahi kujiuliza, sisi tulikuwa tunazunguka nyuma ya matofali basi. Kulikuwa na dada kila mwezi siku mbili haji, foremani akawa anasema huyu mvivu, baadae ikawa hata akija hachukuliwi pale getini.

MWAJU: Ndo maana siungi mkono wanaosema tupewe off ya hedhi halafu yaishie hapo. Zambia wanayo, siku moja kwa mwezi, ipo kwenye sheria kabisa, nzuri kwa mwenye ajira. Deiwaka, kibarua wa kutwa, anaandikwa kwenye daftari la foremani, akilala nyumbani nani anamlipa? Mi naanza na mlango wenye komeo, ndoo ya maji, pa kutupa pedi, na ile siku tumbo linamkata apewe kumwagilia nguzo, asipande ngazi na ndoo ya zege kichwani.

DULLAH: Na wanaonyonyesha?

MWAJU: Sheria yetu ya ajira ya 2004 inasema mama apewe muda wa kunyonyesha, hadi masaa mawili kwa siku. Kenya kwenye Sheria ya Afya ya 2017 wanataka mpaka chumba, na kisiwe chooni, kiwe na pa kunawa na pa kupoozea maziwa.

DULLAH: Masaa mawili zege limeshakorogwa? Zege halilali dada.

MWAJU: Halilali sawa, ila slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, haimwagwi kila siku! Siku ya slabu inajulikana mapema, mashine inakodiwa, kokoto zinashushwa, mpaka mama lishe anaambiwa apike sahani ngapi, unashindwaje kupanga watu wawili wapokezane?

DULLAH: Poa, ila mtoto yuko Mbagala, saiti iko Mbezi. Hayo masaa yote yanaishia kwenye daladala.

MWAJU: Hapo umesema, kwa hiyo inabaki kukamua. Kuna dada pale, mtoto ana miezi minne, tisheti imelowa chini ya reflekta, kaenda nyuma ya mifuko ya saruji kakamua kamwaga chini. Kamwaga Dullah! Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kama masaa manne joto lisipozidi nyuzi 25, sasa Dar Februari utazipata wapi hizo 25? Na mikono ina saruji, ile inachoma ngozi ya kiganja, sembuse titi.

DULLAH: Ukiomba friji saiti watakucheka.

MWAJU: Nani kaomba friji? Muuza maji yuko pale getini na deli la barafu, kikopo chenye mfuniko kinakaa humo mpaka jioni. Na stoo ya foremani ina mlango, ina kufuli, ina kiti, dakika 20 mara mbili kwa siku anapungukiwa nini?

DULLAH: Aisee ngoja nimpigie foremani wangu wa zamani, hapa hapa.

MWAJU: Mpige, weka spika. Halafu muulize kwanza komeo la choo bei gani.