Mgeni Wodini: Maneno kwa Wauguzi Wanaotaka Kujitolea

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi na wakunga wenzangu, na ninyi mnaomaliza masomo mwaka huu, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie uuguzi wa kujitolea katika zahanati za misheni vijijini, zile ambazo daktari hupita kwa nadra, na siku zote zilizobaki kituo kiko mikononi mwa muuguzi mfawidhi na wahudumu wawili watatu. Nimeifanya kazi hiyo kwa vipindi na ninaipenda. Kwa hiyo nitasema wazi jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa: anayekwenda kujitolea anakwenda kuwa mikono ya mtu mwingine. Mwenye kituo yupo. Alikuwepo kabla yako, na atakuwepo utakapopanda gari la kurudi kwenu.

Nianze na pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Wiki yangu ya pili kituoni aliletwa mtoto wa mwaka mmoja na ushei, anaharisha tangu juzi, macho yamezama, ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Tulimnywesha pale pale kwa kijiko, saa nne nzima, mpaka akachangamka na kukojoa. Nikampa mama pakiti mbili na vidonge vya zinki, nikamwambia: pakiti moja, maji safi lita moja. Akaitikia kwa kichwa. Nikaandika kwenye rejista kwamba mama ameelekezwa.

Muuguzi mfawidhi alikuwa meza ya pili, ananisikiliza. Akamwita mama akamuuliza kwa upole: "Nyumbani utachanganyia kwenye nini?" Mama akatoa mkobani chupa ya nusu lita. Pakiti nzima ingeingia humo, na mtoto aliyekaukiwa maji angenyweshwa chumvi maradufu. Mfawidhi aliijaza ile chupa maji mara mbili, akayamimina kwenye jagi, kisha akamwachia mama amwage unga, akoroge, aonje, amnyweshe mwanawe mbele yetu. "Yasiwe na chumvi kuliko machozi," akamwambia. Dakika kumi hazikufika.

Cheti changu kilikuwa kikubwa kuliko chake. Lakini lile swali la chombo sikuwa nalo, kwa sababu sikuwahi kuingia katika nyumba za wale mama, naye alikuwa ameingia katika nyingi. Tangu siku ile sijamwelekeza mama yeyote kwa mdomo peke yake. Namwambia anionyeshe.

Na hili si geni. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi walifurika mpakani upande wa India, na kipindupindu kikaingia kambini Bangaon. Dripu zikawa zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi, glukosi na magadi kwenye maji, yakawekwa kwenye mapipa, na ndugu za wagonjwa wakapewa vikombe wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Fikirini ni mikono ya nani ilishika vile vikombe. Ni ya akina mama, akina baba, dada wa mgonjwa. Wauguzi wasingetosha hata kama wangekuja kwa meli.

Hata zile hospitali za misheni tunazosimuliwa kwa jina la mtu mmoja zilikuwa hivyo hivyo. Daktari mmisionari Albert Schweitzer alipofika Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, alikuwa na mkewe Helene, aliyesomea uuguzi kwa ajili ya safari ile. Na alikuwa na Joseph Azoawani, aliyekuwa mpishi, akaja pale kama mgonjwa, akabaki akawa mkalimani na msaidizi wake wa tiba. Bila mtu wa kumwambia daktari mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini, daktari angefanya nini?

Sasa niseme la leseni, maana hapa sina upole. Kama kwenu huruhusiwi kushona mchaniko wa daraja la tatu, ule wa uzazi unaofika kwenye msuli wa njia ya haja kubwa, huruhusiwi pia kule. Umaskini wa kituo haukupi cheo. Nimekutana na vijana waliojitolea wakisimulia kwa furaha mambo waliyoachiwa wafanye, mambo ambayo hospitali za kwao zisingewaruhusu hata kuyagusa, na nikajiuliza kama aliyelala kitandani alijua kwamba yeye ndiye somo la kwanza. Omba usajili wa muda kwa baraza la wauguzi la nchi unayokwenda, na uombe mapema, maana karatasi hizo huchukua muda. Ukikuta misheni inayokuambia usajili si lazima, tafuta misheni nyingine.

Ndani ya mipaka hiyo kazi ni tele. Kuna usiku mmoja wa mvua, taa ya sola imefifia, mtoto amezaliwa mlegevu na halii. Mfawidhi alikuwa ameshaandaa kila kitu tangu mama alipoingia leba: vitambaa viwili vikavu, kofia, mpira wa kumpulizia hewa umejaribiwa kwenye kiganja. Mnajua kanuni: ndani ya dakika 1 mtoto awe anapumua au awe anapuliziwa. Alimkausha, akamsugua mgongo, hakuna kitu. Akanyoosha kichwa chake kidogo, akabana maski usoni, akaanza. Mimi kazi yangu ilikuwa tochi. Kushika tochi isitikisike, imulike kifua kidogo kile tuone kama kinapanda. Kilipanda. Baada ya muda ambao sikuweza kuupima mtoto akakunja uso, akalia. Ndipo nikamgeukia mama, nikamchoma oksitosini yake, dawa ya kuzuia asivuje damu, yuniti 10, kondo likatoka, damu ikawa ya kawaida. Nimefanya kazi kwenye wodi zenye mashine za kila namna na sikumbuki zamu niliyohitajika kuliko ile ya tochi.

Kuhusu mizigo mnayobeba kwenda nayo nitapita haraka, maana miongozo ipo. Shirika la Afya Duniani linasema dawa za msaada zifike zikiwa zimebakiza angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda, ziwe ni zile zinazotumika katika nchi hiyo, na ziandikwe kwa lugha inayosomeka pale. Mabaki ya kabatini kwako ni taka ambazo mfawidhi atalazimika kuzichoma. Uliza kwanza wanahitaji nini. Mara nyingi utaambiwa glovu, betri, kalamu, na karatasi za kuchorea patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi.

Ukiwa na moyo wa kujifunza, simama asubuhi mbele ya friji ya chanjo. Nyuzi joto 2 hadi 8, inasomwa mara mbili kwa siku, inaandikwa, hata sikukuu. Mtazame mhudumu anavyoinua kichupa kwenye mwanga aone ile alama ya joto: duara lenye mraba mdogo ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, inatumika. Rangi zikilingana, inatupwa, hata kama mama ametembea toka alfajiri na anamsubiri mtoto wake achanjwe. Kumweleza mama huyo ni kazi ya uuguzi kama ilivyo sindano yenyewe, na mgeni asiyejua lugha hawezi kuifanya.

Nimalizie na kosa langu mwenyewe. Katika kituo kimoja kulikuwa na mhudumu aliyekuwa akipima watoto uzito siku za kliniki, akiwazungushia mkononi utepe wa kupima utapiamlo na kuchora nukta ya uzito kwenye kadi ya mtoto. Alikuwa mpole wa mwendo, foleni ikawa ndefu. Mimi nina haraka. Nikamwomba anipishe, akanipisha bila neno, nikapima watoto wote kabla ya saa sita. Kila mtu akanisifu. Kliniki iliyofuata nikakaa tena pale, na iliyofuata, na miezi miwili ikapita.

Zilipobaki wiki mbili niondoke, nikamwita achukue kiti chake. Akasita. Akashika kadi akaniuliza nukta inakaa mstari upi, yeye aliyekuwa akiichora miaka yote. Utepe ukasoma milimita 112, wekundu, yaani utapiamlo mkali, na hakusema kitu, akaniangalia mimi. Nikaona nilichokifanya. Sikuwa nimeongeza mikono miwili kituoni. Nilikuwa nimeiondoa miwili iliyokuwepo, na sasa nafungasha ya kwangu.

Nilimwomba radhi, kisha nikaenda kwa mfawidhi nikamweleza. Hakunikaripia. Alisema tu, "Basi kaa naye." Kliniki zote zilizobaki nilikaa kwenye benchi kando yake, mikono mapajani, nisishike mizani wala kalamu. Foleni ilifika nje ya baraza. Mara nyingi vidole vilinicheza. Siku ya mwisho aliletwa mtoto aliyepungua uzito kliniki mbili mfululizo, akachora nukta, akairudia kuikagua, akampitisha mama mbele ya foleni moja kwa moja hadi kwa mfawidhi. Hakunitazama.

Nakaribisha maswali.