Mkopo wa Dola, Mshahara wa Shilingi

Watu wangu wa Nairobi, hamjambo? Leo kutoka hapa Singapore tunaongea madeni. Wengi huuliza deni ni kubwa kiasi gani. Mimi huuliza kwanza: ni la sarafu gani, na linadaiwa lini?

Thailand ilikuwa inakua kwa kasi, na kila mtu alitaka kuikopesha. Kampuni za fedha za Bangkok zikakopa dola nje, nyingi za kulipwa ndani ya mwaka, kisha zikakopesha baht, sarafu ya Thailand, kwa wajenzi wa maghorofa yatakayoleta pesa baada ya miaka. Mpangaji halipi kodi kwa dola. Tarehe 2 Julai 1997 serikali ikashindwa kuilinda baht: dola iliyokuwa kama baht 25 ikapita 50 kufikia Januari. Desemba 1997 kampuni 56 za fedha zilikuwa zimefungwa kabisa.

Msiwacheke. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 124 huko kwetu. Januari 2024 ikagusa 160. Aliyekuwa na deni la dola 50,000 alitoka shilingi milioni 6.2 hadi milioni 8 bila kukopa hata senti. Wasiwasi mkubwa ulikuwa Eurobondi, yaani deni ambalo serikali hukopa kwa wawekezaji wa nje kwa sarafu ya kigeni, ya dola bilioni 2 ya kulipwa Juni. Februari serikali ikauza nyingine ya bilioni 1.5, riba asilimia 9.75, ikanunua sehemu ya ile ya zamani, na shilingi ikapumua. Kwangu hapo ulinunuliwa muda tu, tena kwa bei ghali.

Singapore hubana mapema. Ukiomba mkopo wa nyumba, malipo ya madeni yako yote kwa mwezi, pamoja na gari na kadi, hayapaswi kuzidi asilimia 55 ya mapato. Mapato yanayopanda na kushuka hukatwa asilimia 30 kwanza. Wajenzi hawaipendi sheria hii, ni kawaida.

Tujaribu kwa shilingi. Mshahara 100,000, biashara 50,000. Biashara inahesabiwa 35,000, jumla 135,000. Asilimia 55 ni 74,250. Unataka milioni 5 za nyumba kwa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 13 utalipa kama 63,300 kwa mwezi, umefaulu. Riba ikipanda hadi 17, inakuwa kama 77,000. Umeanguka. Na kama unakatwa 15,000 za Sacco, hata ile 13 huiwezi.

Sheria yetu ya ajira inataka makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Lakini hiyo inalinda kinachokatwa na mwajiri. Mikopo ya simu haipiti huko. Kwa hiyo kabla ya kusaini, andika madeni yote kwenye karatasi moja, hata ya chama, kisha mwambie afisa wa mikopo akupigie hesabu riba ikiongezeka pointi nne. Akisema kompyuta haifanyi hivyo, mwambie abadilishe tarakimu ya riba tu.